Jinsi ya kubishania Oscar na hoja yako ikasimama

Kila mwaka Akademi, wale wanaotoa tuzo za filamu za Oscar kule Marekani, ikishataja majina ya wanaowania, kijiwe chetu cha kahawa kinabadilika, watu ambao juzi tu walikuwa wanabishana Simba na Yanga leo wanabishana muvi, na mara nyingi ubishi unaisha vibaya. Sio kwamba watu hawajui muvi, wanajua sana. Shida ni kwamba mmoja anaongelea muvi aliyoipenda, mwingine anaongelea muvi itakayochukua, wa tatu anaongelea muvi inayostahili kuchukua, na wote watatu wanadhani wanabishania kitu kimoja. Ni sawa na we unasema Yanga anapiga mpira mzuri mwenzio anakujibu Simba atachukua kombe, hapo mtakesha na hakuna atakayemgusa mwenzake.

Nimebishana haya mambo miaka mingi na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni hiki: acha kubishania muvi, bishania kazi iliyofanyika ndani ya muvi. Kazi ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema hapa, dakika hii, tazama mkono wake. Ukishindwa kuonyesha sehemu, bado huna hoja, una mapenzi tu, na mapenzi ni haki yako ila hayambadilishi mtu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "muvi fulani ndo inastahili", swali lako la kwanza liwe: kwenye kipengele gani? Oscar sio tuzo moja, ni tuzo zaidi ya ishirini zinazotolewa usiku mmoja, na muvi inaweza kustahili ya upigaji picha na isistahili kabisa ya skripti. Kuanzia sherehe ya 2026 kimeongezwa hadi kipengele cha wale wanaotafuta na kuchagua waigizaji, kazi ambayo watu wengi hata hawajui kama ni kazi. Ukimfanya mwenzio ataje kipengele tu, nusu ya kelele inakufa hapohapo.

Halafu muvi yenyewe uwe umeiangalia, yote, mpaka mwisho. Najua inaonekana ni jambo la wazi ila wangapi wanabishana kwa trela na vipande vya kwenye simu? Hata wapiga kura wenyewe walikuwa na tatizo hili mpaka Akademi ikaweka sheria, kuanzia tuzo za 2026 mwanachama hapigi kura ya mwisho kwenye kipengele kama hajaangalia muvi zote zinazowania kipengele hicho. Kijiweni sisi tulishaiweka zamani, hujaangalia zote tano unasikiliza, unaruhusiwa kuuliza maswali ila huruhusiwi kutoa hukumu.

Na kopi ina maana yake. Mimi nimekulia banda umiza, muvi za kutafsiriwa ndo zilizonifanya nipende muvi, yule jamaa wa kutafsiri anaweka maneno ambayo hata mwandishi hakuyaandika, anawaambia steringi hafi tulieni, na banda zima linashangilia. Naziheshimu mpaka leo. Ila kwa ubishi wa Oscar hazifai, kwa sababu sauti ya mtafsiri imekaa juu ya sauti ya muigizaji, utanielezaje fulani kaigiza vizuri wakati pumzi yake hujaisikia, hujasikia alipokwama kabla ya kutamka neno? Hivyohivyo zile zilizorekodiwa ukumbini na simu, kichwa cha mtu kinapita mbele na rangi imekufa. Kama huna kopi safi usiongelee sauti wala upigaji picha, ongelea hadithi, hadithi inavumilia kopi mbovu.

Sasa tuje kwenye kunyoosha kidole, nitakuonyesha kwa mfano mmoja taratibu. Sherehe ya Machi 2, 2014, Muigizaji Bora Msaidizi wa Kike. Lupita Nyong'o wa kwetu huku, mtoto wa Kenya aliyezaliwa Mexico, kwa 12 Years a Slave. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Jennifer Lawrence kwa American Hustle, ambaye alikuwa ameshachukua tuzo ya Golden Globe ya Marekani na BAFTA ya Uingereza kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo sio kwamba Lupita alipita bila kupingwa. Watu wengi kijiweni walimtetea Lupita kwa kusema "ni dada yetu" na "hadithi inauma". Zote mbili ni kweli, na zote mbili sio hoja. Hadithi ya utumwa inauma hata akiigiza mtu wa kawaida tu.

Hoja iko kwenye sabuni. Patsey, mtumwa anayeigizwa na Lupita, ametoka shamba la jirani, bwana wake Epps anamvamia kwa wivu akidhani alikuwa kwa mwanaume, na yeye anatoa kipande cha sabuni kumuonyesha alichokifuata. Anamwambia mke wa bwana hampi hata sabuni ya kuogea, ananuka mpaka mwenyewe anasikia kichefuchefu, anachuma pamba kuliko mwanaume yeyote pale na anachotaka ni kuwa msafi tu. Sasa angalia anavyosema. Muigizaji mwingine angelia kuanzia neno la kwanza ili tumuonee huruma. Lupita anaanza kama mtu anayedai haki yake, sauti ina hasira, ina hata kiburi kidogo, yaani anajua anaweza kuuawa na bado anataja kazi anayoifanya kama mtu anayetaja mshahara wake. Halafu unakuja ule mjeledi, kamera inazunguka mkupuo mrefu bila kukatwa, hana pa kujificha. Ukishamaliza kuonyesha hapo ndo unaweza kusema kwa nini tuzo ilikuwa ya kwake, na mtu akitaka kukupinga lazima na yeye alete sehemu yake.

Na ukiwa muungwana unamsaidia kuileta. Kabla hujampinga mpinzani mtaje kwa ubora wake, mimi huwa nataja ile sehemu Lawrence anafanya usafi wa nyumba na glavu mikononi huku anaimba kwa hasira na kutikisa kichwa, yuko moto kwelikweli, unamuona mwanamke aliyefungiwa ndani anavyochanganyikiwa. Nikishasema hivyo yule anayemtetea Lawrence anatulia, anajua nimeangalia, ndo sasa namuuliza: kati ya hizi mbili ni ipi ambayo ukimtoa huyu muigizaji ukamuweka mwingine hakuna kinachobaki? Hapo mazungumzo yanakuwa matamu.

Vipengele vya ufundi nitavipitia harakaharaka kwa sababu kila kimoja kina swali lake moja linalotosha. Upigaji picha usiulize kama pametokea pazuri, uliza kwa nini kamera imesimama pale na sio kwingine. Uhariri, uliza ni wapi ulitamani kukatwe na hakukukatwa, au kinyume chake. Sauti, fumba macho dakika mbili usikilize kama bado unajua uko wapi. Skripti angalia kwanza kama imetungwa upya au imetolewa kwenye kitabu au kazi nyingine iliyotangulia maana ni tuzo mbili tofauti, na ile ya kutolewa kwenye kitabu huwezi kuibishania vizuri kama kitabu chenyewe hujakisoma. Mwongozaji ndo kigumu, sitakudanganya, kwa sababu kazi yake iko ndani ya kazi za wengine wote.

Eneo linalozua ubishi mkali kuliko hapo ni muigizaji mkuu na muigizaji msaidizi. Sisi tuna neno zuri, steringi, na kila aliyekaa banda umiza anajua steringi ni nani ndani ya dakika kumi. Oscar haiko hivyo. Studio inampigia debe mtu wake kule inakoona ana nafasi na wapiga kura wa kundi la waigizaji ndo wanaamua akae wapi. Angalia Judas and the Black Messiah, tuzo za 2021. Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi wa Uganda, alitajwa kama msaidizi. LaKeith Stanfield aliyeigiza ule upande wa pili wa hadithi, yule anayemsaliti, naye akatajwa msaidizi. Sasa kama wote wawili ni wasaidizi steringi alikuwa nani? Kaluuya akachukua, na kwa mimi alistahili kwa uzito wa kazi, ile hotuba yake mbele ya umati inatosha, ila kipengele kilikuwa sio chake na wale waliokuwa wasaidizi kweli walinyimwa nafasi. Vilevile Viola Davis kwa Fences, alichukua ya msaidizi 2017 wakati nafasi hiyohiyo alipoigiza jukwaani Broadway alipewa Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, ya muigizaji mkuu 2010. Ukibishana hapa tenganisha vitu viwili, ubora wa kazi na usahihi wa kipengele, usitumie kimoja kuua kingine.

Sasa Filamu Bora. Hapa ndo watu wengi wanaanguka kwa sababu hawajui kura zinavyohesabiwa. Vipengele vingine ni rahisi, mwenye kura nyingi kachukua. Filamu Bora tangu tuzo zilizotolewa 2010 wanatumia utaratibu wa kupanga, mpiga kura anaandika muvi zote kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, na mshindi lazima apate zaidi ya nusu. Asipopatikana, muvi yenye kura chache kabisa inatolewa na karatasi zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, wanarudia hivyohivyo mpaka mmoja avuke nusu.

Ukitaka watu waelewe usiwaeleze kwa mdomo, wagawie karatasi. Sisi tuko tisa, siku moja nikawaambia tupige kura ya chakula cha jioni kwa utaratibu wa Oscar, wanaowania ni pweza, pilau, chipsi mayai na ugali dagaa. Kura za kwanza pweza wanne, pilau wawili, chipsi wawili, ugali mmoja. Timu pweza wakaanza kushangilia. Nikasema subirini, nusu hamjavuka, tunahitaji watano. Ugali akatolewa, karatasi yake chaguo la pili ni pilau, pilau wakawa watatu. Chipsi sasa ndo wa mwisho, akatolewa, karatasi zake zote mbili zimeandika pilau nafasi ya pili. Pilau watano, pweza wamebaki walewale wanne. Tukala pilau. Jamaa wa pweza alinuna ila alielewa, na ndani ya dakika kumi watu tisa wakajua kitu ambacho ningewaeleza mwezi mzima wasielewe: pweza alipendwa sana na wachache na wengine wote walimuweka mkiani, pilau hakuna aliyemchukia.

Ukishalijua hilo, rudi kwenye ubishi wa zamani uone unavyobadilika. Februari 2017 La La Land ilitajwa mara 14, ikachukua tuzo 6 pamoja na ya mwongozaji, na bado Filamu Bora ikaenda kwa Moonlight. 2019 Cuarón akachukua ya mwongozaji kwa Roma, Filamu Bora ikaenda Green Book. 2022 Jane Campion akachukua ya mwongozaji kwa The Power of the Dog iliyotajwa mara 12 na hiyo ndo tuzo pekee waliyoondoka nayo, Filamu Bora ikaenda CODA ambayo ilitajwa mara tatu tu na ikachukua zote tatu. Mtu anayejua utaratibu anaanza kujiuliza ni muvi gani watu wengi wataiweka ya pili au ya tatu, sio tu ipi ina mashabiki wenye kelele. Ila uwe makini, Akademi haitoi idadi ya kura, kwa hiyo usimwambie mtu "ilishinda kwa kura chache" au "walikaribiana", hiyo hakuna anayeijua nje ya wahasibu wao.

Na hiyo 2017 imenifundisha kitu kingine. Kwetu ilikuwa Jumatatu saa mbili na kitu asubuhi, nimekesha, La La Land ikatajwa, nikazima tivii nikakimbilia daladala. Nimefika kazini nikakaa karibu saa nzima nawaeleza watu kwa nini La La Land ilistahili kuchukua, nikipangua hoja moja baada ya nyingine, mpaka mwenzangu mmoja akanionyesha simu yake kwamba bahasha iliyosomwa ilikuwa sio yenyewe, mshindi ni Moonlight. Kilichoniuma sio kukosea taarifa. Kilichoniuma ni kwamba hoja zangu zote zilikuwa zimetengenezwa kumfuata mshindi, yaani ningesikia Moonlight ningezigeuza na kuziita za Moonlight. Tangu siku hiyo naandika ninachokiamini kabla sherehe haijaanza.

Kuna hoja moja ambayo utaisikia kila mwaka na inabidi uitambue mapema, hoja ya deni. "Mpeni huyu, amekosa mara nyingi." Angalia ilivyofanya kazi 1993. Denzel Washington alikuwa na Malcolm X, kwangu ni moja ya kazi kubwa za uigizaji zilizowahi kufanyika, anaanza kijana wa mtaani anacheza dansi na anaishia mtu ambaye hata anavyokaa kwenye kiti ni tofauti. Tuzo ikaenda kwa Al Pacino, Scent of a Woman, mtu aliyekuwa ametajwa tena na tena tangu miaka ya sabini, The Godfather zote mbili zikampita. Basi wakamlipa. Matokeo yake wakajitengenezea deni jipya kwa Denzel, ambalo likaja kulipwa 2002 kwa Training Day. Nampenda sana Denzel kwenye Training Day ila kila nikiiangalia najua Malcolm X ndo ilikuwa yenyewe. Mtu akileta deni mjibu kwa upole: deni la nani, na nani mwaka huu analilipa?

La mwisho ni la kwetu, na hapa naomba tuwe wakweli maana ndipo tunapopindisha zaidi. Out of Africa ilipigwa Kenya, ikachukua tuzo 7 Machi 1986, Filamu Bora ikiwemo, na mwaka huohuo The Color Purple iliyotajwa mara 11 ikatoka mikono mitupu. Nimesikia watu wakiitetea Out of Africa kwa sababu ya milima ya Ngong ya Kenya tu. Upigaji picha naikubali, ile ndege ndogo inavyopita juu ya nchi, sibishi. Filamu Bora siikubali, maana watu wenye nchi wamewekwa pembeni kama miti, na kule The Color Purple Whoopi Goldberg anabeba miaka mingi ya maisha ya mtu usoni kwake. Kupigwa kwetu sio ubora.

Upande wa pili kuna muvi za kwetu tunazozidharau bila kuziangalia. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ndiyo Tanzania iliyopeleka kuwania Filamu Bora ya Kimataifa kwenye tuzo za 2023, haikuingia hata kwenye listi ya awali ya muvi 15. Watu wakasema "si ilikuwa mbovu". Uliiangalia? Kipengele kile kila nchi inapeleka muvi moja tu, wapiga kura wana makumi ya muvi za kuangalia, na nchi zenye hela zinakodi kumbi Los Angeles, zinafanya mialiko, zinaweka matangazo. Kukosa kwenye listi hakukuelezi chochote kuhusu mwanga wa Zanzibar ya usiku mle ndani wala Kiswahili kinachozungumzwa humo kikapita bila kulegea. Iangalie halafu uniletee sehemu, hata kama ni sehemu ya kuiponda.

Usiku wenyewe unapangwa hivi. Sherehe ni Jumapili jioni kule Los Angeles, kwetu Afrika Mashariki inaangukia saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, inategemea kama Marekani wameshasogeza saa zao mbele. Kabla ya hapo kila mtu anachora karatasi yake mistari miwili, upande huu "itachukua", upande huu "inastahili", anaandika jina na chini yake sehemu moja ya muvi inayomfanya aseme hivyo, anasaini, karatasi inaingia kwenye bahasha ya kaki na hakuna kufuta. Akikosea upande wa kwanza amekosea, matokeo yametoka. Upande wa pili hakuna matokeo yanayoufuta, huo ndo tunaoubishania mpaka mwaka unaofuata.

Bahasha ya 2020 bado ninayo. Karatasi tisa, saba zimeandika 1917 upande wa itachukua kwa sababu ilikuwa imechukua tuzo za chama cha waandaaji na chama cha waongozaji, moja imeandika Joker, na moja ya dogo ambaye mwaka ule ndo kwanza tumempa nafasi ya kukaa nasi, Parasite, ambayo ndo ilikuja kuchukua, pande zote mbili, na chini kwa mwandiko mbaya kaandika: "pale mvua inanyesha wanashuka ngazi, wanashuka tu, hawafiki." Siku hizi ubishi ukianza, tunamwachia yeye aongee kwanza.